Safu ya Saba

Daftari la kuazima lilikuja na safu sita:
tarehe, jina, gredi, kitabu, siku ya kurudisha, sahihi.
Siku niliyokabidhiwa ufunguo wa kabati
na chumba kilichokuwa stoo ya madawati mabovu,
mkuu wa shule alisema, "Mwalimu, wewe andika tu.
Mwisho wa muhula wanataka takwimu."

Nikaandika.
Muhula mzima, hapa Huruma, nikaandika,
kalamu ya buluu kwa wavulana, nyekundu kwa wasichana,
na Agosti nikachora mihimili kwenye karatasi ya manila:
buluu mrefu, nyekundu mfupi,
kama ghorofa na kibanda kilichoegemea ukuta wake.
Wazazi walipita, wakatazama, wakaguna.
Naibu akaugonga ule mfupi kwa rula:
"Wasichana hawapendi vitabu. Nambari hazisemi uongo."

Kweli, hazisemi.
Lakini ukiziuliza swali moja zitajibu hilo moja
na mengine kuyanyamazia,
kama shahidi aliyefundwa na wakili.

Usiku ule stima ilikuwapo. Nikahesabu upya,
kwa siku, si kwa rangi.
Jumatatu, thelathini na mmoja. Jumatano, ishirini na wanane.
Jumanne, wanne.
Ijumaa, wawili,
na hao wawili ni pacha wa mlinzi, wanalala getini.
Nikaweka rula, nikapiga mstari,
safu ya saba, nyembamba, imebanwa na ukingo wa karatasi,
nikaipa kichwa: Kwa nini?

Mutheu, Gredi ya Sita: "Jumanne maji yanakuja."
Kerubo: "Maji."
Saadia: "Mimi nashika foleni, mama anashika mtoto."
Nyanchama hakuandika neno. Alichora mtungi,
wa lita ishirini, na kizibo chake cha gunzi.
Na Okumu, ambaye sikumuuliza:
"Dada akienda kwa maji mimi ndio nasoma."
Sentensi hiyo niliisoma mara tatu
nikitafuta ni ya kalamu gani.

Tukahamisha saa.
Sasa kabati hufunguliwa saa moja kasorobo asubuhi,
uji wangu ukipoa dirishani.
Lakini la Jumanne lilikuwa wazo la Saadia:
"Foleni ni ndefu, Mwalimu. Mtu anamaliza sura mbili."
Basi vitabu vyembamba huenda ndani ya ndoo yenye kifuniko,
ndoo pekee foleni nzima isiyotafuta maji.
Jumanne, kumi na tisa.
Ijumaa, kumi na sita, na kimoja kimerudi kimevimba
kama andazi. Nimekianika. Kinasomeka.

Naibu hajasema kitu kuhusu mihimili mipya.
Ila juzi nilimkuta amesimama mbele ya manila,
mikono nyuma, rula hana.

Safu ya saba haikomi pale unapotaka ikome.
Kitabu cha nyoka kimeazimwa mara kumi na moja
na mtoto mmoja, Halkano, Gredi ya Nne.
Kwa nini? "Huyu wa ukurasa wa kumi na nne anatoka kwetu."
Mara ya kumi na mbili hakukirudisha.
Wiki hiyo tingatinga lilishuka kando ya mto,
na asubuhi madawati saba yakawa na nafasi.
Jirani yao anasema Njiru. Mwingine anasema Ruai.
Mwingine ananiuliza kwani ananidai nini, mtoto wa watu.

Fomu ya ofisini ina visanduku viwili:
Kimerudishwa. Kimepotea.
Nimeketi nayo tangu saa nane.
Nina kalamu mbili, hakuna inayofaa.
Nje ya mstari, kwa penseli, wafute wakitaka,
nimeandika: "Kinasomwa. Mahali bado hatujapajua."

Chaki imekwisha. Kesho ni Jumanne.
Naenda kupangusa ndoo.